Kijana Wako Kakaa Kimya? Anza Hivi, Hatua kwa Hatua

Naandika hii kwa sababu maswali ni yale yale kila siku, yanabadilisha nguo tu. "Mwanangu alikuwa ananisimulia kila kitu, sa hivi nikimuuliza siku ilikuwaje ananijibu poa, basi." "Binti amekuwa na kiburi ghafla, sijui nani kamroga." "Anaishi ndani ya simu, mimi ni kama mpangaji mwenzake tu." Nimejibu hayo mara nyingi mpaka nimeona bora nikae chini niandike moja kwa moja, ukiulizwa na mwenzio umtumie.

Mi sio mtaalamu wa chochote. Nimelea watatu, wawili wameshavuka salama, wa mwisho ana miaka 15 na ndo ananinyoosha saa hizi, kwa hiyo nisome kama mtu aliyetangulia kuingia kwenye shimo unaloliendea wewe.

Kitu kimoja ukishike toka mwanzo: wengi wetu tunaianza hii kazi kinyumenyume. Tunaanza na sheria, zinafuata adhabu, yanafuata mahubiri, maongezi yanakuja mwisho kama nguvu zimebaki. Geuza. Maongezi kwanza, sheria baadae, maana sheria ya mtu ambaye huongei naye ni ukuta tu na kijana kazi yake ni kutafuta ukuta mfupi uko upande gani. Ndo maana hatua za hapa chini zina mpangilio, usiruke kwenda ya simu kwa sababu ndo inayokuuma.

Uwe na hivi kabla hujaanza

- Wiki sita hivi. Usitegemee siku tatu, mtoto aliyefunga mlango mwaka mzima hafungui kwa sababu umebadilika Jumatatu, atakaa akuangalie kwanza kama ni gia au kweli.
- Daftari dogo la kwako peke yako, utaona kazi yake hatua ya 1.
- Kazi moja ya mikono mnayoweza kufanya wawili, isiyohitaji mtu kuwa fundi.
- Makubaliano na watu wazima wengine wa nyumbani. Mzazi mwenzako, bibi, babu, shangazi, yeyote anayetoa amri hapo. Kaeni bila mtoto mkubaliane mnajaribu nini, la sivyo we unajenga mchana mwenzio anabomoa usiku.
- Umri wa mwanao, na maana yake. Shirika la Afya Duniani linahesabu rika hili kuanzia miaka 10 mpaka 19, wasichana wengi wanaanza kubalehe kati ya miaka 8 na 13 na wavulana kati ya 9 na 14. Kwa hiyo wa miaka 11 anayenuna bila sababu hajaharibika, ratiba yake imefika.

Nadharia ni hii tu na sirudii: ile sehemu ya mbele ya ubongo inayofanya kazi ya breki, kupima matokeo, kujizuia, inaendelea kukomaa mpaka kwenye miaka ya ishirini na kitu. Injini inapata nguvu mapema, breki zinafungwa baadae. Hiyo haimpi ruhusa ya kukutukana, inakueleza tu kwanini mtoto mwenye akili darasani anaweza kufanya ujinga ambao hata yeye kesho yake hauelewi.

Hatua ya 1: Punguza mdomo kwa siku saba

Siku ya kwanza usibadilishe kitu, chukua daftari, kila ukimwambia kitu piga kistari. Amri upande mmoja (oga, toka huko, zima, umefanya?), kumkosoa upande wa pili, maongezi ya kawaida tu upande wa tatu. Mi nilipofanya hivo kwa mara ya kwanza nilijiona mama mpole sana, mpaka saa nne asubuhi nikawa na vistari 19 na upande wa tatu ulikuwa mtupu. Hakuna hata kimoja. Ningekuwa mimi ndo yeye na mimi ningejibu "poa" nikaondoka.

Siku sita zinazobaki: amri zile za lazima tu, na upande wa tatu ujaze kidogo kidogo. Maongezi ya kawaida maana yake hayana ndoano. "Nimeona paka wa jirani kajifungua" hayo ni maongezi. "Nimeona mtoto wa jirani anafua nguo zake mwenyewe" hiyo ni ndoano, na yeye anajua.

Onyo: kunyamaza sio kununa. Kuna wazazi wakiambiwa wapunguze mdomo wanageuka barafu, wanapita kwenye korido kama hawajamuona mtu. Hapana. Msalimie, mtanie kama mlizoea kutaniana, mwambie usiku mwema. Unachopunguza ni mahubiri.

Hatua ya 2: Mkae bega kwa bega

Hii ndo hatua kubwa kuliko zote, nitakaa nayo kidogo.

Kijana haongei ukimkalisha. Ukisema "njoo hapa ukae, tunahitaji kuongea" tayari umefungua mahakama, yeye ni mshtakiwa na anachowaza ni kosa gani limegundulika. Macho kwa macho ni mazito kwake. Ila mkiwa mnaangalia kitu kingine wote wawili, mikono ina kazi, maneno yanateleza yenyewe.

Mwanangu wa pili akiwa na miaka 14 alikaa karibu miezi miwili ananijibu neno moja moja. Jumamosi moja baiskeli yake ikapata pancha, mi sijui lolote la baiskeli, nikamwambia we niongoze mi nishike. Akatoa tyubu, tukaizungusha kwenye beseni la maji mpaka mapovu yakaonekana, akaikausha, akasugua na msasa, akapaka gundi akaniambia mama subiri ikauke kidogo, ukibandika kiraka ikiwa mbichi haishiki. Tukakaa. Mi nimeshika tyubu kwa vidole viwili naogopa kuchafuka, yeye anaiangalia gundi. Na hapo bila kuniangalia akasema, "Mama, hivi mtu akiwa anachekwa kila akisoma kwa sauti, anaweza kuhamishwa darasa?"

Miezi miwili nilikuwa nauliza "una nini wewe" mezani, macho kwa macho, kumbe jibu lilikuwa linasubiri gundi ikauke.

Kwa hiyo tafuta gundi yako. Kutembea pamoja kwenda sehemu, kuosha vyombo mmoja anaosha mwingine anasuuza, kukunja nguo, kusuka nywele, kuangalia mpira, kuwa kwenye gari au basi mmekaa mbele kwa nyuma. Kanuni zake ni tatu:

1. Kazi iwe ya kweli. Ukibuni kazi ya uongo ili umvizie umuhoji atajua dakika ya pili.
2. Kama kuna kitu anajua kuliko wewe, yeye ndo awe fundi na wewe msaidizi. Mtu aliyekuwa anaamriwa siku nzima akipata nusu saa ya kuamuru na yeye kidogo, anapumua.
3. Usiulize swali la maana. Vumilia ukimya hata mara nne, tano, ya sita ndo huwa inazaa.

Kingine, chagua saa. Mwili wa kijana unachelewesha usingizi, homoni inayoleta usingizi kwake inaanza kazi usiku zaidi kuliko kwa mtoto mdogo, ndo maana asubuhi ni gogo na saa nne usiku yuko macho anacheka. Ukitaka vita ongea naye asubuhi anapotafuta soksi. Maongezi mazuri ya nyumba yangu yote yametokea usiku wakati mi nasinzia, hilo ndo gharama yake.

Hatua ya 3: Akifungua mdomo, usimfungie

Siku akisema kitu una kama sekunde tano za kuharibu kila kitu. Maneno yanayoharibu haraka ni haya: "Si nilikwambia?" "Hicho nacho ni kitu cha kulia?" "Enzi zetu sisi..." na lile la kumtolea mfano ndugu yake.

Badala yake beba matatu haya mfukoni:

- "Ehe?"
- "Ikawaje?"
- "Unataka nikusikilize tu au tutafute njia pamoja?"

Hilo la tatu ni dawa. Mara nyingi atasema "nisikilize tu", na hapo kazi yako ni ngumu kuliko kutoa ushauri, yani unasikia mtoto wako anachekwa darasani na damu inakuchemka unataka kwenda shuleni sasa hivi, lakini unashika tyubu tu unasema ikawaje.

Kosa ambalo karibu wote tunalifanya hapa: kusambaza. Kakuambia siri Jumamosi, Jumapili shangazi yake anampigia "nasikia umepata shida, pole". Umekwisha. Hatokuambia tena mpaka awe na watoto wake. Mwambie wazi tangu mwanzo: utakachoniambia kinabaki hapa, isipokuwa kama maisha yako au ya mwenzio yako hatarini, hapo nitatafuta msaada na nitakuambia wewe kwanza kabla sijaongea na mtu. Alafu utimize.

Hatua ya 4: Jifunzeni lugha, pande zote

Sehemu kubwa ya tunachoita dharau ni tafsiri mbaya. Kwenye grupu letu la familia mjukuu alituma emoji ya fuvu chini ya picha ya mjomba wake aliyekuwa anacheza muziki. Bibi yake akapiga simu usiku sauti inatetemeka, nani amekufa? Kwa vijana fuvu ni kicheko, yani nimecheka mpaka nimekufa. Na kinyume chake ipo, wewe unamjibu kwa dole gumba ukiona umemkubalia vizuri, yeye anasoma kama umekasirika au humtaki kwenye maongezi.

Fanya hivi. Mara moja kwa wiki, dakika 20, kubadilishana. Dakika kumi kijana anamfundisha mtu mzima kitu kimoja, kutuma ujumbe wa sauti, kumtambua tapeli kwenye meseji, gemu anayoipenda inachezwaje (na uicheze kweli, ushindwe, acheke). Dakika kumi mtu mzima anasimulia kisa cha ujana wake.

Ila kisa chenyewe kiwe cha kushindwa. Hapa wazee wengi wanakosea, wanasimulia ushindi: tulitembea mbali, tulisoma kwa koroboi, tulikuwa na heshima. Kijana akisikia hivo anasikia "wewe ni mlegevu". Bibi yao siku aliyosimulia kwamba akiwa na miaka 16 alitoroka kwenda kwenye ngoma, akarudi alfajiri akakuta baba yake amekaa mlangoni na taa imewashwa, wajukuu walisogea karibu wakamuuliza maswali mpaka usiku wa manane. Na mi nilikuwa sijawahi kukisikia hicho kisa, miaka yote hiyo!

Hatua ya 5: Sasa weka sheria, chache

Kama hatua nne za mwanzo zimeanza kutoa hata moshi, sasa ndo tunaingia kwenye sheria. Chukua karatasi, kaa naye, gawa mambo yote mnayogombania mafungu matatu. Mi nayaita chuma, mpira na hewa.

Chuma hakipindi. Ni usalama tu, na yasizidi matatu manne. Kwetu yalikuwa: hupandi chombo ambacho dereva wake amekunywa, usiku tunajua uko wapi na nani, humu ndani hakuna anayempiga mwenzake (na wazazi tumo).

Mpira unavutika. Saa ya kurudi, simu, kazi za nyumbani, pesa ya matumizi. Hapa yeye anatoa pendekezo lake kwanza na sababu, wewe unatoa lako, mnakutana mahali, mnaandika, mnajaribu mwezi mmoja mnakaa tena. Akitimiza, mpira unaongezwa. Usipouongeza akitimiza umemfundisha kwamba kutimiza hakuna faida.

Hewa unaiacha ipite. Nywele, muziki, suruali, chumba kinachofanana na sehemu iliyopitiwa na kimbunga. Najua inauma. Ila kila vita unayopigana kwenye hewa inakula nguvu ya kupigania chuma, mtoto anayesikia "hapana" mara 40 kwa siku hawezi kujua ile ya 41 ndo ilikuwa ya hatari.

Kwa wanaosema huu ni ulegevu wa siku hizi, sio wa siku hizi. Toka miaka ya 1960 mwanasaikolojia wa Marekani Diana Baumrind alishaanza kutenganisha wazazi wanaoamuru tu, wanaoachia tu, na wale wenye masharti thabiti pamoja na ukaribu na maelezo, na alipofuatilia watoto ni wa hili kundi la tatu walioonekana kujitegemea na kujizuia vizuri zaidi. Kwa hiyo chuma kiwepo. Kisiwe kila kitu tu.

Adhabu: iwe fupi na ifanane na kosa. Kachelewa saa nzima, kesho anarudi saa nzima mapema, imeisha. Kunyang'anya simu mwezi mzima siku ya tatu tayari hana cha kupoteza, anachojifunza mwezi uliobaki ni kuazima simu ya mwenzake.

Na chini ya chuma andika ahadi moja yako wewe: "Ukikwama mahali popote saa yoyote nipigie, nakuja, maswali kesho." Alafu siku akipiga saa nane usiku nenda, na kweli uyaache maswali mpaka kesho. Mi nilienda mara moja. Mdomo ulinikaza njia nzima kama nimekula ndizi mbichi lakini sikusema, na asubuhi alinieleza mwenyewe kabla sijauliza.

Hatua ya 6: Simu

Haya, mliokuwa mnaruka kurasa mmefika.

Kwanza kuhusu umri. Mitandao mingi ya kijamii kama Instagram na TikTok inaweka miaka 13, na wazazi wanaichukua hiyo 13 kama cheti kwamba mtoto amekomaa. Sio cheti. Chanzo chake kikubwa ni sheria ya Marekani ya mwaka 1998 kuhusu taarifa binafsi za watoto wa chini ya miaka 13, inahusu kampuni zisikusanye taarifa zao bila ruhusa ya mzazi, haihusu akili ya mtoto. Kwa hiyo kukomaa unapima wewe.

Cha kufanya:

1. Simu zote zinalala sehemu moja nje ya vyumba vya kulala, na ya kwako ikiwemo. Bila ya kwako usijaribu. Wenye miaka 13 mpaka 18 wanashauriwa kulala jumla ya masaa 8 mpaka 10 kwa siku, na mtu mwenye simu chini ya mto halali hizo. Nunueni saa ya mezani ya kengele, maana kisingizio cha kwanza kitakuwa hicho.
2. Kama utakuwa unakagua simu, mwambie kabla, unakagua nini, mara ngapi, na mpaka umri gani utaacha. Miaka 11 na miaka 17 sio sawa.
3. Usipekue kwa siri. Mi nilipekua ya binti yangu wa kwanza, nikakuta ananilalamikia mimi kwa rafiki yake, nikashindwa kuvumilia nikamjibu hoja zake kesho yake jikoni, neno kwa neno. Alielewa palepale. Ilinichukua karibu mwaka kurudi tulipokuwa, na nilichokipata humo ndani kilikuwa ni kwamba napiga kelele sana asubuhi, jambo ambalo daftari lingeniambia bure. Isipokuwa una sababu ya kweli ya kuhofia maisha yake, hapo angalia, na mwambie umeangalia.
4. Mwambie hili hata kama unaona aibu, kabla halijatokea: "Mtu akikutishia na picha zako, njoo kwangu, sitakufokea." Matapeli wa picha wanategemea kitu kimoja, kwamba mtoto anamuogopa mzazi kuliko anavyomuogopa tapeli. Ikitokea: msilipe (wanarudi kudai tena), msifute chochote, pigeni picha za skrini na za akaunti yake, alafu ndo mumblock na kuripoti kwenye programu yenyewe na polisi.

Hatua ya 7: Mwili na mapenzi

Kifupi tu. Usisubiri siku moja ya hotuba kubwa, gawa maongezi mia ya dakika moja moja. Anza kabla hajabalehe, taja viungo kwa majina yake, msimwachie mzazi wa jinsia sawa na mtoto peke yake. Tumia gundi ya hatua ya 2, kwenye gari au gizani umeme ukikatika ni sehemu nzuri sana, hakuna anayemuona mwenzie uso.

Ukichelewa atafundishwa na simu.

Hatua ya 8: Ukikosea, omba radhi kama mtu mzima

Utakosea. Utapiga kelele, utasema neno. Toka chumbani, subiri mapigo ya moyo yashuke, nusu saa hivi, rudi useme kitendo na usiweke "lakini". "Nimekuita mjinga mbele ya wenzio, nimekosea, nisamehe." Nukta. Ukisema "nisamehe lakini na wewe unaniudhi" hujaomba radhi, umefungua kesi upya. Naye asiposema kitu usimdai, nenda zako.

Wapo wanaosema mzazi akiomba radhi anashuka heshima. Mi nimeona kinyume, wangu wameanza kuniomba radhi wenyewe baada ya kuona inavyofanywa.

Ukikwama

*Wiki tatu nimenyamaza na bado haongei.* Angalia upande wa tatu wa daftari, pengine umepunguza amri lakini hujaongeza chochote. Kama umeongeza, badilisha kazi ya mikono, na angalia kama kuna mtu mzima mwingine anayeongea naye, mjomba, mwalimu, kocha. Akiwepo shukuru, usione wivu, usimgeuze mpelelezi wako.

*Anadanganya.* Acha kuuliza maswali ambayo jibu unalo. Ukijua hakwenda shule usiulize "shule ilikuwaje", hiyo ni mtego na wewe ndo umeutega. Sema "najua hukwenda, kumetokea nini?" Na jiulize akisema ukweli huwa inakuwaje, kama ukweli na uongo vina adhabu sawa basi kuchagua uongo ni hesabu tu.

*Marafiki zake siwapendi.* Ukimkataza umewapamba. Waite nyumbani, wawepo mbele yako. Alafu ujue shida mara nyingi sio rafiki mbaya, ni rafiki yeyote. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani, Gardner na Steinberg, waliwapa watu gemu ya kuendesha gari, vijana wakiwa na wenzao pembeni walijihatarisha zaidi sana kuliko wakicheza peke yao, watu wazima hawakubadilika. Kwa hiyo mtoto mzuri na rafiki mzuri wakiwa wanne kwenye gari moja bado ni hesabu nyingine, weka chuma hapo.

*Bibi yake anamdekeza, nikikataza anampa.* Tenganisha chuma na mpira. Mwombe bibi alinde chuma tu, kwenye mpira mwachie adekeze kidogo, ndo raha ya bibi. Maongezi hayo yafanyike mtoto hayupo, na aongee yule ambaye bibi ni mama yake wa kumzaa, sio mkwe.

*Hii ni ujana au ni ugonjwa?* Hapa usichelewe. Shirika la Afya Duniani linasema kijana 1 kati ya 7 wa miaka 10 mpaka 19 ana tatizo la afya ya akili, kwa hiyo sio jambo la mbali. Kununa kwa mzazi lakini akiwa na marafiki anacheka, mara nyingi ni ujana. Kama ameacha hata marafiki na vitu alivyovipenda, kula na kulala kumebadilika, na imefika wiki mbili, mpeleke kwa mhudumu wa afya. Ukiona anajikata, anagawa vitu vyake vya thamani au anasema heri asingekuwepo, muulize wazi, "unawaza kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo, kunampa mlango. Akisema ndiyo usimwache peke yake, ondoa dawa, sumu na vitu vya hatari, tafuta msaada siku hiyo hiyo. Na usimhubirie dhambi usiku huo.

*Imefanya kazi, sasa ananiambia mambo ambayo sikutaka kuyajua.* Eeh, hiyo sikukuonya. Utakuwa unasuuza sahani na utasikia jambo litakalokufanya uishike kwa mikono miwili isianguke. Weka sahani chini taratibu, chukua nyingine, uso uangalie maji, useme "ikawaje?" Ukiona huwezi sema unaenda msalani, kaa huko dakika tatu ushtuke unavyotaka, jinawe uso, rudi. Sahani zitakuwepo na yeye atakuwepo bado.